Mkebe wa Mzee Ng'ambo

Afisa alizimimina peremende zote kwenye ndoo, akafungua chupa ya dawa ya chooni na kuzimwagia mpaka zikaanza kutoa povu. Alifanya hivyo taratibu, mbele ya macho ya binti aliyekuja kuzikomboa, kwa sababu kanuni inataka mwenye mali ashuhudie.

"Umeshuhudia?" akauliza.

"Nimeshuhudia," akajibu binti kwa hasira.

Hii ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza kifurushi kilikamatwa posta. Safari hii shoga yake, anayefanya kazi ya usafi hotelini huko ng'ambo, alizibeba mwenyewe kwenye mkoba, wakampekua uwanja wa ndege kama mwizi wa kuku. Kosa lake? Rangi. Eti peremende zile zina rangi ambayo wakubwa wameamua si salama kwa raia, na raia hao hao wanavuta moshi wa magari kutwa kucha na hakuna anayekuja na ndoo.

"Kaka yangu, baba ana miaka themanini na ushee," akasema binti. "Hiyo rangi itamuua saa ngapi?"

"Sheria haiulizi umri, dada."

"Hali kitu. Uji anatema, supu anatema. Anachotaja ni peremende zake tu. Daktari kasema apewe chochote atakachokubali, maana akiendelea hivi hatunaye."

Afisa akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidi kumuudhi binti. Mtu mbaya angalau unamtukana ukapata nafuu.

"Nakuelewa. Lakini hizi zimezuiwa tangu mimi sijaanza shule. Hapa hazijawahi kupita."

"Zimepita. Baba alikuwa anaingiza mkebe mzima kila likizo, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyemgusa."

"Basi mzee wako alikuwa na bahati yake," akasema afisa, akaifunika ndoo.

Binti alirudi nyumbani akiongea peke yake njia nzima, watu wakimpisha.

Mtaani kwao baba yake aliitwa Mzee Ng'ambo. Ujana wake wote aliumalizia huko, fundi wa majokofu, akija nyumbani mara mojamoja. Na kila alipokuja, ule mkebe wa bati wenye picha ya mlima wa theluji ulikuwa umejaa pomoni. Likizo ikiisha aliondoka nao, akirudi umejaa tena. Watoto wa jirani walijipanga mlangoni na viganja wazi. Peremende hazikuwa na karatasi. Zilikuwa za kahawia, nyingine nene, nyingine nyembamba, na zilikuwa na uchungu wa kuungua kwa mbali ambao binti alijua ndiyo ladha ya ng'ambo. Mama yake hakuwa na hereni wala kitenge cha maana, lakini mtaa mzima ulimwonea wivu kwa ajili ya mkebe ule. Mpaka leo uko juu ya kabati, anatunzia sindano na vifungo, na ole wake atakayeugusa bila ruhusa.

Mara ya tatu shoga alitumia akili. Alizitoa peremende kwenye mkebe wa dukani, wenye picha ileile ya mlima wa theluji, akazichanganya na vidonge vya kikohozi ndani ya chupa ya dawa, akampa msafiri mmoja aliyekuwa anarudi. Chupa ikapita bila hata kutikiswa.

Binti alizimwaga kwenye sahani pale jikoni, akatenga vidonge pembeni. Kule kwenye ndoo povu halikumpa nafasi ya kuziangalia; sasa aliona kwamba zilikuwa nyekundu, zote zimelingana kama shanga. Akasita kidogo. Kisha akajiambia kwamba miaka imepita, viwanda navyo hubadilika, na mtu hawezi kuyategemea macho yake ya utotoni. Akaibeba sahani kwa mikono miwili.

Chumbani mama alikuwa amemwinua mgonjwa na kumwegemeza kifuani pake.

"Baba watoto, fungua kinywa," akambembeleza. "Mwanao kahangaika mpaka kazipata. Zile zako za ng'ambo."

Mzee akafumbua macho. Kwa mara ya kwanza tangu alale kitandani, akaachama mwenyewe bila kushikwa kidevu. Binti akamwekea peremende moja ulimini, na wote wawili, mke na mtoto, wakabaki wanaitazama taya yake. Ikacheza. Mama akatabasamu, akamfuta mzee pembe ya mdomo kwa ncha ya khanga.

Mara uso wa mzee ukakunjamana. Akaitema peremende kwenye kiganja cha mkewe.

Binti aliitazama ile peremende kiganjani mwa mama. Posta, uwanja wa ndege, ile ndoo na povu lake, yote hayo ili mtu ateme. Alitamani kupiga kelele, akajizuia kwa sababu ya mama.

"Baba, ndizo hizi. Ndizo zenyewe kabisa."

"Sizo," mzee akasema, na sauti yake ilitoka safi, ile ya siku za uzima wake. "Zangu zinaungua kidogo. Nenda hapo nyuma ya stendi ya mabasi, ulizia mama anayepika peremende. Mwambie mume wake anaumwa, ndiyo maana harudi nyumbani."