Niliumwa Kidogo Tu

“Ulipokuwa huko, uliumwa?”

Muuguzi wa chumba cha chanjo aliuliza bila kuinua macho. Swali hilo aliwauliza wasafiri wote waliorudi, na mdomo wake ulikuwa umelizoea hata ukawa unalisema wenyewe, yeye akiwaza mboga za jioni. Wanaoondoka nao walikuwa na maneno yao: kunywa maji yaliyochemshwa, lala ndani ya chandarua, mnyama akikung’ata osha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba robo saa nzima, kisha kimbilia sindano. “Hata kama ni alama ya jino moja. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, sisi hatuna dawa.” Aliyasema hayo kama mtu anayehesabu nguo za dobi.

Mumewe, fundi wa lifti, aliyajua yote kwa moyo maana aliyasikia mezani kila siku, akitafuna. Alipopata kazi ya miezi michache ng’ambo, alikubali sindano moja tu, ya homa ya manjano, kwa sababu bila cheti chake hapandi ndege. Nyingine alizikataa.

“Naenda kutengeneza lifti, Mama Pacha. Siendi kuposa mbwa.”

“Sikio la kufa halisikii dawa.”

“Basi nidunge humo humo sikioni.”

Wakacheka, yakaisha. Hata hivyo, mwanamke huyu hakuwa akihofia mbwa. Alihofia malaria, iliyomlaza fundi wake mwaka juzi mpaka ndugu wa mbali wakaanza kufika mmoja mmoja na nyuso za msiba. Hakutaka kuziona tena nyuso zile.

Kutoka ng’ambo fundi alipiga simu karibu kila jioni, na malalamiko tele: chumba kama kabati, mchele usioiva, paka wa mwenye nyumba aliyelinda ngazi kwa ukali kuliko askari. Jioni moja akasema, kama anayekumbuka jambo la njiani:

“Juzi niliumwa kidogo.”

Mkewe akaacha sufuria. “Umepima?”

“Nipime nini? Kidogo tu. Mwenye nyumba alinipa dawa, asubuhi nikaenda kazini.”

“Dawa gani?”

“Maandishi yao siyajui. Ila ilisaidia.”

“Na homa?”

“Sina homa, mama.”

Akashusha pumzi. Alimgombeza kwa kutumia dawa asiyoijua jina, akamwamuru anunue chandarua. Akanunua kweli, akatuma na picha.

Sasa alikuwa amerudi, amejilaza kwenye kochi na homa kali, na pacha wamepelekwa kwa shangazi yao wasimsumbue. Mkewe alimpima malaria kwa mkono wake. Hana. Akarudia kipimo. Hana. Badala ya kufurahi, akajikuta hasikii kitu ndani, si furaha wala woga, ganzi tupu. Alikaa akakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Malaria angalau alikuwa akiijua.

“Mganga hajigangi,” mumewe akamtania kwa sauti ya kukwaruza. Alikuwa akiusugua mkono wa kulia. “Na mkono huu nao umekufa ganzi, halafu unachonyota. Nadhani niliulalia kwenye ndege.”

“Kunywa maji kwanza.”

“Baadaye. Koo limekaza.”

Glasi ikabaki mezani. Muuguzi akampigia simu daktari wa kazini kwao, mtu wa maneno machache, akamweleza homa, koo, vipimo viwili visivyoonyesha kitu. Daktari akasema:

“Ulisema aliwahi kuumwa akiwa huko.”

“Ndiyo, mara moja. Huko hakuumwa tena.”

“Aliumwa wapi? Alikuwa mjini, au walimpeleka mashambani? Magonjwa ya huko na ya mjini si mamoja. Hebu muulize.”

Akaiondoa simu sikioni. Swali hili nalo lilimtoka kama yale ya kazini, limenyooka, halina chumvi.

“Baba Pacha, daktari anauliza. Kule uliumwa wapi?”

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. Akaacha kuusugua mkono, akaugeuza kiganja juu, akamsogezea karibu na taa. Chini ya kidole gumba palikuwa na vidoa viwili vyeusi, vimekauka zamani.

“Hapa,” alisema. “Yule paka wa kwenye ngazi. Si nilikwambia, kidogo tu?”