Mitatu kwa Kila Mtu Mzima

Keke ya kutobolea ilikuwa imezama kwenye kitako cha ndoo, vumbi jeupe la plastiki likimwangukia magotini, na Wiebke Harms alikuwa akiongea peke yake.

“Ndoo mbili,” alisema kwa sauti ya kushinda keke. “Ya chini maji, ya juu udongo. Katikati unapitisha utambi, hiki kipande cha fulana kuukuu. Utambi unanyonya maji, udongo unanyonya kwa utambi, mizizi inakunywa. Mmea wala hauna haja ya kumwona anayeuletea maji.”

Akatega sikio kuelekea mwisho wa korido, kama mtu anayengoja kujibiwa. Akachukua ndoo nyingine.

Kazi hiyo aliifanyia koridoni, ingawa jikoni ndiko kulikokuwa na meza na dirisha. Hema la kukuzia mimea nalo lilikuwa hapohapo, limeziba nusu ya njia, feni yake ikivuma. Ndani yake mibangi mitatu ilikuwa imeshafika kiunoni. Udongo aliuchanganya mwenyewe: mboji, samadi ya minyoo, unga wa maganda ya mayai. Mbolea za chupa za dukani alizikataa. Bangi ilikuwa dawa ya bega lake, lililochakazwa na miaka ya kuinua wagonjwa katika hospitali za Bremen, Ujerumani. Kwa tembe hakupata usingizi, kwa bangi alipata. Mingine mitatu, bado michanga, ilikuwa sakafuni ikisubiri ndoo zake.

Kengele ikalia. Mlangoni alisimama Bwana Osterkamp, msimamizi wa jengo, ngazi begani.

“Ving’ora vya moshi, Bi Harms. Tangazo limebandikwa pale chini wiki nzima. Au siku hizi husomi?”

“Nasoma. Pita, vua viatu.”

“Na ngazi nayo nivue?”

Alikagua sebule, akakagua chumba cha kulala cha Wiebke, kila king’ora kikapiga yowe lake na kunyamaza. Kisha akasimama mbele ya hema, akafungua zipu bila kuomba, akahesabu kwa kidole. Akaigeukia ile ya sakafuni.

“Sita.”

“Ndiyo, sita.”

“Sheria inasema mitatu kwa kila mtu mzima wa nyumba. Sikuitunga mimi.”

“Watu wazima tuko wawili.”

“Wewe na nani? Na bega lako?” Osterkamp alijichekea mwenyewe, kisha akapunguza sauti. “Bi Harms, ngazi za jengo hili nazifagia mimi. Mwanao Tjark simwoni tangu baridi ya mwaka juzi. Vijana wanaondoka, si aibu. Wangu yuko Munich, nasikia sauti yake Krismasi tu. Lakini mtu aliyeondoka hana mche.”

“Hajaondoka.”

Alilisema neno hilo kama watu wanavyolisema juu ya marehemu wasiyekubali kuwa amekufa, na Osterkamp akatazama pembeni kwa haya. Ndipo alipoiona sahani sakafuni, mwisho wa korido, ina mabaki ya viazi na mchuzi.

“Umefuga mbwa? Mbwa ni mpaka ushirika unaomiliki jengo uruhusu.”

“Sina mbwa.”

Nyuma ya sahani kulikuwa na mlango uliofungwa. Chini yake ulipenya mstari wa mwanga wa buluu.

“Na chumba hiki?”

“Hicho kiache.”

“Mwaka jana ulisema ufunguo umepotea. Mama, kila chumba cha kulala lazima kikaguliwe. Nyumba ikiungua, anayeulizwa ni mimi.” Akainama, akautazama ule mwanga, akainuka akitikisa kichwa. “Ahaa. Taa ya kukuzia. Kumbe humu kuna shamba zima!”

“Hamna mche hata mmoja humo.”

“Basi fungua.”

“Si wangu kuufungua.”

Osterkamp akatoa simu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya, na uso wake ulionyesha kwamba jambo lenyewe halimfurahishi.

“Nisikilize. Fungua sasa, tuing’oe hii mitatu midogo, nami sijaona kitu. Usipofungua, nawaita polisi, na wale hawavui viatu. Ushirika ukisikia, nyumba hii huna tena.”

Wiebke aliitazama mitatu midogo. Kuing’oa kusingemchukua hata nusu dakika. Hakuigusa.

“Hii si yangu,” alisema taratibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, wala hakuwa akimwangalia Osterkamp. “Siwezi kung’oa kitu cha mtu, mwenyewe asiposema. Polisi wakija nitawaambia hivyohivyo. Nikifukuzwa, nifukuzwe.”

“Cha mtu gani, mama? Si umlete huyo mtu nimwone!”

“Nisingekuwa naongea na wewe, Osterkamp, kama ningeweza kumleta.”

Msimamizi akashusha pumzi, akabonyeza nambari ya kwanza. Akabonyeza ya pili.

Nyuma ya mlango, miguu ya kiti ilikwaruza sakafu.

Kidole cha Osterkamp kikabaki hewani. Hatua nzito, za mtu asiyevaa viatu, zikaja hadi mlangoni na kusimama.

“Mitatu ni yangu,” ilisema sauti nene, kavu, iliyokwama mara mbili kabla ya kutoka. “Isiguswe.”

Wiebke, aliyekuwa amempikia Tjark kila siku kwa miaka miwili bila kumsikia akisema neno, alihitaji kuisikia tena ndipo aitambue kuwa ni ya mwanawe.