Pini za Ritsu

“Mama Teruo, huyo mwanao rubani wameshampa ndege?” Bi. Kikuno, jirani yake Sadae, aliwahi kumuuliza kwenye foleni ya viazi vitamu, kwa sauti ya mtu anayetaka wote wasikie.

“Bado,” Sadae alijibu. “Zake ndizo tunazoziunda sasa.”

Watu wa foleni wakampisha mbele. Tangu siku hiyo Sadae hakupiga msasa bati hata moja bila kumwona akilini mwanawe amekaa ndani ya ndege. Hakuwa na mwingine. Baba yake Teruo alikwisha kufa, na kengele ya hekalu, iliyokuwa ikimwamsha Sadae kusali, ilikwisha kuchukuliwa ikayeyushwe kwa ajili ya vita.

Ndiyo maana asubuhi ile, mguu wa ndege ulipoanguka karibu na vidole vyake, alipiga ukelele uliosimamisha ukumbi mzima wa kiwanda.

Alikuwa chini ya bawa anafuta vumbi. Ndege ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo. Kitambaa chake kilinasa kwenye waya mwembamba, akauvuta, pini ikatoka, na mguu ukachomoka mzima mzima, chuma na gurudumu lake, ukagonga sakafu.

Aliyefunga miguu alikuwa Ritsu.

Jambo hilo lilimuuma Sadae. Zamani jengo lile lilikuwa la kusokota hariri, na wanawake wa humo walijuana tangu usichana wao. Sadae alikuwa mgeni, mjane, mwenye lafudhi ya kaskazini ambayo wengine waliiigiza wakicheka. Ritsu peke yake ndiye aliyemsogezea nafasi kwenye benchi wakati wa kula.

“Ritsu! Njoo uone kazi yako.”

Ritsu akaja. Akautazama mguu, akautazama waya, kisha akamtazama Sadae.

“Pini haina kufuli,” Sadae alisema. “Ndege tulizounda mwanzo, mguu ulikuwa ukikunjwa ukaingia ndani, na bado tuliufunga mara mbili. Huu umeutundika kama nguo kwenye kamba!”

“Nipe, dada. Nitaurudisha.”

“Utaurudisha! Na wa upande wa pili?” Sadae akauvuta waya mwingine. Mguu wa pili nao ukaanguka.

“Jamani, Mama Teruo anaivua ndege viatu!” msichana mmoja alisema, na kicheko kikazagaa mpaka msimamizi alipotokea mlangoni.

Msimamizi alikuwa askari mstaafu, mgeni wa wiki ile. Chuma hakukijua, kofi alilijua. “Nani kafunga hii?”

“Mimi,” Ritsu alisema. “Nilisahau kufuli. Ni uvivu wangu.”

“Hii moja tu?” Sadae aliuliza. “Au na zile zilizokwisha kuondoka?”

Ritsu alitazama sakafu. “Zote.”

Kofi lilisikika mpaka mwisho wa ukumbi. Msimamizi akamwamuru Ritsu aende kuchimba mahandaki pamoja na wafungwa, asirudi tena kwenye chuma. Ritsu alivua glavu zake, akazikunja vizuri kana kwamba atazihitaji kesho. Alipompita Sadae alimwambia polepole, “Mama Teruo, chakula changu kipo palepale. Ukile wewe.”

“Sili cha mtu aliyetaka kuniulia mwanangu.”

Ritsu aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwaheri.

Adhuhuri Sadae alikaa kwenye benchi peke yake. Hakuna aliyemsogelea. Uji wa shayiri aliuacha kwenye bakuli. Zile zilizokwisha kuondoka! Kikosi cha Teruo ndicho kilichokuwa kikizipokea. Pengine wakati huo huo alikuwa anapanda mojawapo, anacheka, kofia imekaa upande kama kawaida yake.

Wapiga msasa hawakuruhusiwa ghorofani. Sadae alipanda. Mhandisi Mogami, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliinua macho kutoka kwenye michoro yake.

“Bwana mhandisi, nisamehe. Zile zilizotoka zirudishwe. Mwanangu yuko kwenye kikosi kile. Ritsu hakufunga kufuli kwenye pini, mwenyewe kakiri.”

“Kakiri?” Mogami aliweka kalamu chini. “Kaa, mama.”

Sadae akakaa kwenye ncha ya kiti.

“Ritsu hakuambiwa afunge. Kufuli haimo kwenye mchoro. Nilimweleza mwenyewe siku ya kwanza. Ndipo akaniomba wewe nikuweke kwenye msasa, mbali na miguu.”

“Basi mchoro una kosa.”

“Hauna.” Mogami aliongea akiutazama ukuta. “Chuma hakitoshi, mama. Rubani akishapaa anauvuta waya. Miguu inaanguka uwanjani, vijana wanaiokota, inafungwa kwenye ndege nyingine.”

Sadae aliwaza, midomo ikimcheza kama yuko kwenye sala. Kisha uso wake ukapata nuru kidogo, kama mtu aliyeona kitu ambacho wasomi wamekipita.

“Sawa, bwana. Lakini akirudi, atatua na nini?”

Mhandisi akasimama. Akavua kofia yake, akamwinamia yule mpiga msasa chini kabisa, kama mtu anayeingia nyumba yenye msiba. Kisha akatoka kwenye ofisi yake mwenyewe.