Sauti ya Bwana Harusi

Muuzaji alivuta kamba, jenereta kubwa ikanguruma mpaka vioo vya duka vikatetemeka. "Dada, hii inabeba friji, oveni na taa zote za hema!" alipaza sauti.

"Izime," alisema Mwanakheri, mpishi wa shughuli. Harusini mwezi uliopita, jenereta yake ya kukodi ilinguruma hivyo hivyo. Bwana harusi akasema "nimekubali" na shehe asisikie. Wenye shughuli wakamlaumu mpishi, na tangu hapo wateja wamemkimbia. Imebaki harusi moja tu, Jumamosi hii.

"Washa ile ndogo. Halafu nenda mlangoni useme 'nimekubali', kwa sauti ya mtu mwenye haya."

"Mimi sijaoa, dada!"

"Basi jifunzie hapa."

Watu dukani wakacheka. Muuzaji akaiwasha, akaenda mlangoni, akainamisha kichwa, akasema. Neno likamfikia Mwanakheri zima zima.

"Lakini hiyo haiwezi oveni," muuzaji alionya.

"Nitaoka kwa mkaa. Nifungie."

Kabla hajajibiwa, mwanamke aliyekuwa akipita barabarani na kikapu chake, ambaye naye alilisikia lile neno, akapiga kigelegele kirefu, bila kuuliza harusi ni ya nani.