Nusu ya Doti

Katika chumba cha tatu cha makumbusho, Zamda alisimama mbele ya kabati la kioo, akagoma kusogea. Ndani ilitandazwa kanga kuukuu ya zambarau.

"Shoga, mbona umeganda?" Tausi alimwuliza. "Picha za ghorofani hatujaziona, na mtoto ataamka sasa hivi."

"Hebu angalia mgongoni kwangu."

Tausi aliitazama mbeleko aliyobebewa mtoto, akatazama kioo. Rangi ile ile, korosho zile zile, maneno yale yale.

"Si ya marehemu mama yako hiyo uliyombebea?"

"Ndiyo. Kila nikimwuliza doti aligawana na nani, alikuwa anacheka tu."

Tausi akainama kusoma kikaratasi. "Imetolewa na Bi Salama Kheri, mwaka huu. Kumbe huenda yuko hai."

Zamda akamfuata mzee wa zamu.

"Bi Salama? Huja kila Alhamisi saa kumi, anaiangalia, anaondoka. Leo si Alhamisi?"

Wakakaa kwenye benchi. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

"Nitamwitaje, Tausi? Bibi, au mama?"

"Mwamkie kwanza. Mengine atakwambia mwenyewe."

Mlango ukasukumwa taratibu, ikatangulia ncha ya mkongojo.