Swala Walipojitoa Kwenye Umoja

Hapo zamani swala na nyani walikuwa na umoja wa ulinzi. Nyani walimwangalia Chui kutoka mitini, na swala waliokuwa chini walinusa harufu yake. Lakini mkuu wa swala, aliyejaa majivuno, alichoshwa na domo la nyani.

"Kesho tunajitoa," akamwambia Bi Nyani.

"Basi tukae kwanza tukubaliane, bwana. Chui akija, nani atamwambia nani?"

"Hakuna haja. Mpango wa ulinzi tunao."

Swala wakajitoa. Mke wa mkuu, mwepesi wa kuuliza, akataka kuujua mpango huo.

"Ni rahisi," mumewe akajibu. "Nyani wakipiga kelele, tunakimbia."

"Si tumeachana nao, mume wangu?"

"Tumeachana nao, lakini masikio bado tunayo. Watapigiana kelele wao kwa wao, nasi tutasikia bure."

Siku ya tatu Chui akaja, akitokea upande ambao upepo haukuleta harufu yake. Nyani wakamwona mapema. Safari hii hawakupiga kelele. Waligusana mabega tu, wakapanda juu kimyakimya.

"Waone walafi hao," mkuu wa swala akacheka. "Wanawahi matunda."

Mkewe aliwatazama nyani, akawakusanya watoto, akatimka nao. Mkuu alibaki palepale akingoja kelele, mpaka Chui alipomkamata shingoni.

Juu mtini, Bi Nyani aliwaambia wenzake kwamba sasa wanaweza kushuka, maana Chui ameshapata chakula.