Masikio ya Sebuleni

Mwanawe alijua hadi rangi ya gauni la harusi, na gauni lenyewe lilikuwa bado halijakatwa.

"La zambarau, mama! Kwa umri wako?" Alisimama katikati ya sebule, viatu miguuni, mshipa wa shingo umemtoka. "Nimeshamfuata fundi saa kibandani kwake. Nimemwambia mbele ya wateja wake atafute mjane mwingine. Mambo yameisha."

Mkunga alikaa chini. Mtaa mzima ulimwita hivyo hata baada ya kustaafu, maana nusu ya watu wazima pale walikuwa wametoa kilio chao cha kwanza mikononi mwake. Miaka tisa ya ujane alikuwa amejikalia kimya. Kisha akaja fundi saa, mgane wa maneno machache, aliyetaka kurudi mji wa kwao na hakutaka kurudi peke yake.

"Nani kakwambia?"

"Nina njia zangu," mwanawe alisema, akaondoka.

Fundi saa hakupokea simu. Siku ya pili kibanda chake kilikuwa kimefungwa, na muuza magazeti wa pembeni akasema mzee amepanda basi la asubuhi, na masanduku yake yote.

Zaidi yao wawili, siri ile aliijua mtu mmoja tu. Mkunga akajitupia mtandio, akavuka barabara hadi kwa Bi Sindano, mshonaji, rafiki yake wa miaka thelathini, ambaye ndiye angelishona hilo gauni.

"Umeniuza," alimwambia akiwa bado mlangoni, hata salamu hakutoa.

Bi Sindano aliachia cherehani. "Mimi?" Machozi yakamlengalenga. "Mimi niliyekulisha kwa mkono ulipofiwa? Mwenzangu, habari zile uliniambia wapi? Si kwako, sebuleni? Chini ya lile lidude la mwanao?"

Mkunga akageuka kuitazama nyumba yake ng'ambo ya barabara. Lile lidude.

Mwaka uliopita mwanawe alimletea nyumba mpya ndani ya nyumba ile ile. Taa zikawa zinawashwa kwa simu. Mlango ukawa unafunguliwa kwa namba badala ya ufunguo, na kila ulipofunguliwa, simu ya mwanawe huko kazini ililia. Ukutani sebuleni kikabandikwa kisanduku cheupe chenye kitaa cha buluu, cha kuviunganisha vyote. "Ni kwa usalama wako, mama."

Usalama gani? Mtandao ulipokatika, taa ya bafuni iligoma, Mkunga akaoga kwa kupapasa. Taa zilikuwa za kampuni moja na mlango wa kampuni nyingine, na viwili hivyo havikuelewana, kama wake wenza. Siku moja alikaa barazani saa nzima, mvua ikimrashia miguu, akisubiri nyumba yake mwenyewe imruhusu kuingia. Yote hayo aliyavumilia. Mtoto anakuwaza, utamkatalia?

Kumbe muda wote kisanduku kile kilikuwa kinasikiliza.

Aliikumbuka siku ile: Bi Sindano kwenye kochi, vipande vya vitambaa magotini, na yeye akishindwa hata kuitamka rangi kwa aibu, akaweka tu kidole juu ya zambarau. Walicheka kama wasichana. Na kile kitaa cha buluu juu yao, hakipepesi. Kina masikio, na pengine macho pia.

"Nisamehe," alisema. "Nimekutukana bure."

Bi Sindano alimkumbatia, akamfuta machozi kwa pindo la nguo aliyokuwa akiishona. "Yaishe, mwenzangu. Ndiyo maana wakasema, kikulacho ki nguoni mwako."

Wiki nzima Mkunga hakupokea simu ya mwanawe. Damu yake mwenyewe, aliyoibeba tumboni, imemtegea masikio ukutani! Chakula kikamkataa. Akawa anazungumzia barazani tu. Ndani ya nyumba yake alinong'ona kama mgeni. Kila siku Bi Sindano alivuka barabara kuja kumliwaza, na kila siku Mkunga alimshukuru Mungu kwamba angalau anaye huyu.

Jumamosi akamwita fundi wa umeme amng'olee kila kitu. Alikuja mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa bisibisi. Bi Sindano naye alikuwapo, kwenye kochi, akitia vifungo kwenye shati la mteja.

"Anza na hicho," Mkunga alimwambia fundi. "Kimenivunjia ndoa."

Fundi alikibandua, akafungua kifuniko, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Kimefanyaje, mama?"

"Kinasikiliza maneno yetu na kumpelekea mwanangu."

"Hiki?" Fundi alijizuia kucheka. "Hiki ni tarishi tu. Kinapokea amri kutoka kwenye simu, kinaipeleka kwenye taa na mlango. Hakina kinasa sauti, hakina kamera. Hata ukikipigia kelele, hakisikii."

"Basi ni hivyo vingine."

"Taa ni taa, mama. Na mlango unajua tu umefunguliwa saa ngapi. Nyumba yote hii haina kitu cha kusikia."

Mkunga aligeuka polepole. Kwenye kochi, uzi ulikuwa umesimama nusu ya kifungo.

"Ungehama naye," Bi Sindano alisema bila kuinua macho. "Mimi ningebaki na nani?"